Kosa moja, majimbo mawili, hukumu mbili: Kwa nini Marekani humshitaki mtu mara ya pili

Na Mwandishi Wetu

LARRY Gene Heath aliamini kwamba amekwishanusurika kifo. Februari 10, 1982, mkazi huyo wa jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, alisimama mahakamani katika jimbo jirani la Georgia na kukiri kuhusika na mauaji ya mkewe. Kwa makubaliano na waendesha mashitaka, adhabu ya kifo iliwekwa kando, akahukumiwa kifungo cha maisha jela.

Haikutimia hata miezi mitatu. Mei 5 mwaka huo huo, jimbo lake la nyumbani, Alabama, lilimfungulia mashitaka kutokana na mauaji hayo hayo. Januari 1983 alitiwa hatiani kwa mara ya pili, na safari hii akahukumiwa kunyongwa, kama tunavyosema huku kwetu, ingawa Alabama wakati huo ilitumia kiti cha umeme. Hukumu hiyo ilitekelezwa Machi 20, 1992.

Aliyeuawa alikuwa mtu mmoja, na tukio lilikuwa moja. Hata hivyo mahakama mbili zilimhukumu mtu mmoja kwa nyakati tofauti, na Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyo mlinzi wa Katiba ya nchi hiyo, ikasema hakuna kilichovunjwa.

Wasomaji wengi huamini kwamba mtu akishahukumiwa au kuachiwa huru, hawezi kupelekwa tena mahakamani kwa kosa lile lile. Imani hiyo ni sahihi, lakini ina mipaka yake. Kesi ya Heath inaonyesha mipaka hiyo ilipo, na kwa nini hadi leo wanasheria wa Marekani wanabishana juu yake.

AHADI ILIYOMO KATIKA KATIBA

Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanaelekeza kwamba mtu asiwekwe mara mbili katika hatari ya adhabu kwa kosa moja.

Kwa tafsiri ya mahakama za nchi hiyo, kinga hiyo ina sehemu tatu. Kwanza, aliyeachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa hawezi kushitakiwa tena kwa kosa hilo. Pili, aliyetiwa hatiani hawezi kushitakiwa tena. Tatu, mtu hawezi kupewa adhabu mbili kwa kosa moja.

Sababu ya kinga hiyo si ngumu kuielewa. Serikali ina polisi, ina wapelelezi, ina mawakili wanaolipwa mshahara na ina fedha za walipa kodi. Mshitakiwa aghalabu ana wakili mmoja na akiba ndogo, kama anayo. Iwapo serikali ingeruhusiwa kurudia kesi kila inaposhindwa, ingejifunza makosa yake katika kesi ya kwanza, ikayarekebisha katika ya pili, na mwishowe hata asiye na hatia angechoka, angefilisika, au angekiri ili mambo yaishe.

Kinga hiyo huanza kazi mapema. Katika kesi inayoamuliwa na baraza la waamuzi raia, huanza pale wajumbe wa baraza wanapokula kiapo. Baraza hilo lina mfanano na wazee wa baraza waliozoeleka katika Mahakama Kuu za kwetu, isipokuwa kwamba la Marekani ndilo linaloamua kama mtu ana hatia au hana, na jaji hawezi kuibatilisha kauli yake ya kumwachia mtu huru.

Kwa muda mrefu kinga hiyo iliifunga serikali ya shirikisho iliyopo Washington peke yake. Ilikuwa mwaka 1969, katika kesi ya Benton dhidi ya Maryland, ambapo Mahakama ya Juu iliamua kwamba majimbo nayo yanapaswa kuiheshimu.

Kwa hiyo wakati Heath anashitakiwa, Georgia ilikuwa imefungwa na kinga hiyo, na Alabama vilevile. Swali lilikuwa kama kufungwa kwa kila moja kunamaanisha pia kwamba hukumu ya Georgia inaizuia Alabama.

NENO 'KOSA' NA MAANA YAKE

Ufunguo wa suala hili zima upo katika neno moja: kosa. Katika mazungumzo ya kawaida, kosa ni kitendo. Mtu ameiba, amepiga, ameua. Lakini katika lugha ya sheria, kosa ni kitendo kinachovunja sheria fulani, na sheria hiyo ina mwenyewe aliyeitunga.

Huku kwetu mwenyewe huyo ni mmoja. Mtu akitekwa Morogoro na kuuawa Dodoma, mshitaki ni Jamhuri. Mkoa hauna kanuni zake za adhabu kwa kosa la mauaji, wala mkuu wa mkoa hana mwendesha mashitaka wake wa kudai kwamba heshima ya mkoa imevunjwa.

Marekani si hivyo. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina katiba yake, bunge lake, kanuni zake za adhabu, polisi wake, waendesha mashitaka wake, mahakama zake na magereza yake. Kesi nyingi za jinai, zikiwamo karibu zote za mauaji, huendeshwa na majimbo. Juu yake ipo serikali ya shirikisho yenye sheria zake za jinai, mahakama zake na magereza yake.

Kutokana na muundo huo ndipo mahakama zilipojenga kinachoitwa kanuni ya mamlaka mbili. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, kitendo kimoja kikivunja sheria za mamlaka mbili zenye uwezo wake wenyewe wa kutunga sheria, basi yametendeka makosa mawili, na kila mamlaka inaweza kushitaki. Katiba inakataza kushitaki mara mbili kwa kosa moja. Kanuni inajibu kwamba haya ni makosa mawili.

ILIANZIA KWENYE POMBE

Mizizi ya kanuni hiyo inapatikana katika hukumu za karne ya 19, lakini kesi iliyoisimika ni ya mwaka 1922, enzi ambazo pombe ilipigwa marufuku kote Marekani. Mtu aliyeitwa Vito Lanza na wenzake walitozwa faini na jimbo la Washington kwa kutengeneza, kusafirisha na kumiliki pombe. Kisha serikali ya shirikisho ikawashitaki kwa pombe hiyo hiyo chini ya sheria yake yenyewe. Mahakama ya Juu ikaruhusu.

Mwaka 1959 ikaja kesi nzito zaidi, ya Bartkus dhidi ya Illinois. Alfonse Bartkus alishitakiwa katika mahakama ya shirikisho kwa wizi wa kutumia silaha katika taasisi ya akiba na mikopo huko Illinois, na baraza likamwachia huru. Baada ya hapo jimbo la Illinois likamshitaki kwa tukio hilo hilo, likapata ushindi, naye akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwa alikuwa na rekodi ya uhalifu.

Wapelelezi wa shirikisho walioshindwa katika kesi ya kwanza walisaidia kuandaa ya pili. Pamoja na hayo, majaji watano kati ya tisa waliibariki hukumu hiyo. Wanne walipinga. Jaji Hugo Black, mmoja wa waliopinga, alijenga hoja ambayo imerudiwa mara nyingi tangu hapo: kwa mtu anayeshitakiwa, hatari ya kufungwa ni ile ile, awe anaburutwa na serikali moja mara mbili au na serikali mbili mara moja moja.

MPAKA ULIOPITIWA ASUBUHI

Kesi hizo zote zilihusu jimbo kwa upande mmoja na shirikisho kwa upande mwingine. Kesi ya Heath ilileta jambo jipya: majimbo mawili yaliyo sawa, yanayopakana.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama, Agosti 1981 Heath, aliyekuwa akiishi Kaunti ya Russell katika jimbo la Alabama, alifanya mpango wa kuwalipa watu wawili dola 2,000 ili wamuue mkewe, ambaye alikuwa na ujauzito wa miezi tisa. Agosti 31 alivuka mpaka na kukutana nao Georgia, akawaongoza hadi nyumbani kwake, akawakabidhi funguo za gari na za nyumba, kisha akaondoka.

Mwanamke huyo alitekwa nyumbani kwake, Alabama. Mwili wake ulikutwa ndani ya gari kando ya barabara katika Kaunti ya Troup, jimboni Georgia, ukiwa na jeraha la risasi kichwani. Ushahidi ulionyesha kwamba aliuawa akiwa Georgia.

Hivyo safari ya kifo ilianza katika jimbo moja na kuishia katika jingine. Georgia ilikuwa na mwili na mahali pa mauaji. Alabama ilikuwa na nyumba, utekaji na marehemu aliyekuwa mkazi wake. Georgia ilitangulia kumkamata Heath, akakiri, na yakafikiwa makubaliano ya kifungo cha maisha. Kwa alivyoelewa yeye, kifungo hicho kingeweza kumpa nafasi ya kutoka baada ya miaka saba tu.

Alabama haikuridhika. Ilimshitaki kwa kosa linalobeba adhabu ya kifo chini ya sheria zake: mauaji yaliyofanyika katika utekaji nyara. Ilipofika hatua ya kuchagua baraza la waamuzi, watu 82 walihojiwa. Isipokuwa saba tu, wote walisema wanafahamu kwamba mshitakiwa amekwishakiri kosa hilo katika jimbo la Georgia. Kwa maneno mengine, kukiri alikofanya ili aokoe maisha yake ndiko kulikotangulia mbele yake kuingia katika chumba cha mahakama iliyompa adhabu ya kifo.

Desemba 3, 1985 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi. Majaji saba dhidi ya wawili walisema Alabama ilikuwa na haki ya kumshitaki. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alieleza kwamba kipimo ni kimoja: je, uwezo wa kushitaki wa mamlaka hizi mbili unatoka kwenye chanzo kimoja au vyanzo tofauti? Majimbo, alisema, hayakupewa uwezo huo na Washington wala halikupewa na jimbo jingine; kila moja liliingia katika muungano likiwa nao na halikuuachia. Kwa hiyo Georgia haiwezi kuinyang'anya Alabama haki ya kusimamia sheria zake eti kwa sababu imewahi kufika mahakamani.

HOJA YA WALIOPINGA

Jaji Thurgood Marshall, akiungwa mkono na Jaji William Brennan, alipinga. Marshall, aliyekuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo, hakuwa mgeni wa udhaifu wa mahakama za majimbo. Alitumia miaka mingi ya uwakili wake akizipinga kwa ubaguzi wa rangi.

Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni ya mamlaka mbili ilibuniwa kwa ajili ya tatizo mahsusi. Serikali ya shirikisho na ya jimbo zinatawala watu wale wale katika ardhi ile ile huku zikiwa na maslahi tofauti. Isingefaa jimbo lizuie sera ya taifa kwa kuharakisha kesi na kutoa adhabu ya mzaha. Majimbo mawili hayana mgongano wa namna hiyo. Yote mawili yalitaka jambo moja, yaani kumwadhibu muuaji, na moja lilikuwa limekwishafanya hivyo.

Alieleza pia kwamba maafisa wa Georgia walishirikiana na Alabama katika kesi ya pili. Jimbo lililomwahidi mtu kwamba halitaomba auawe lilisaidia, kupitia watumishi wake, jimbo jingine limuue.

Ni vigumu kumhurumia Heath kwa alilolitenda. Lakini kanuni iliyothibitishwa kwa jina lake haiwahusu wauaji peke yao. Inamhusu pia mtu aliyeachiwa huru katika jimbo moja na anayetakiwa na jingine kwa tukio lile lile.

WANAOITETEA KANUNI

Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa kimbilio la wanyonge, na wana mifano ya kuonyesha.

Machi 1991, polisi wa Los Angeles walinaswa katika mkanda wa video wakimpiga Rodney King, Mmarekani Mweusi. Aprili 29, 1992 baraza la waamuzi katika mahakama ya jimbo la California liliwaachia huru polisi wanne karibu katika mashitaka yote. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 50. Serikali ya shirikisho ikawashitaki polisi hao kwa kukiuka haki za kiraia za King, na Aprili 1993 wawili kati yao walitiwa hatiani, kisha wakahukumiwa kifungo cha miezi 30 kila mmoja. Bila kanuni ya mamlaka mbili, kesi ya pili ingekuwa katika hatari ya kuzuiwa.

Katika mlipuko wa Oklahoma City wa Aprili 19, 1995, uliowaua watu 168, Terry Nichols alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya shirikisho, ambako mashitaka ya vifo yalihusu maafisa wanane wa shirikisho. Jimbo la Oklahoma likasema wapo wengine zaidi ya 150 ambao hawajatajwa katika hukumu yoyote inayomhusu. Mwaka 2004 mahakama ya jimbo ilimtia hatiani kwa makosa 161 ya mauaji. Jimbo lilitaka auawe, lakini alipewa kifungo cha maisha.

Katika miaka ya karibuni, Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd mjini Minneapolis mwaka 2020, alihukumiwa na jimbo la Minnesota mwaka 2021 kifungo cha miaka 22 na nusu, na mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ikampa miaka 21, vifungo viende pamoja. Watu watatu waliotiwa hatiani na jimbo la Georgia Novemba 2021 kwa kumuua Ahmaud Arbery walitiwa hatiani tena na mahakama ya shirikisho Februari 2022 kwa uhalifu wa chuki.

Mifano hii ina nguvu, lakini yote inahusu shirikisho na jimbo. Inaonyesha mamlaka ya juu ikiingilia pale ya chini iliposhindwa au kutokamilisha kazi, au jimbo likidai haki za wakazi wake ambao kesi ya Washington haikuwagusa. Haielezi kwa nini jimbo lirudie kazi ambayo jirani yake ameikamilisha, kwa sababu tu lingependa adhabu iwe kali zaidi.

MIPAKA YA KANUNI

Hata hivyo kanuni hii haimaanishi kwamba kila ofisi ya serikali Marekani inaweza kushitaki kwa zamu. Mwaka 1970, katika kesi ya Waller dhidi ya Florida, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mji na jimbo ulimo ni mamlaka moja, kwa sababu mji hupata uwezo wake kutoka kwa jimbo. Aliyehukumiwa na mahakama ya mji hawezi kushitakiwa tena na jimbo kwa kosa hilo hilo.

Mwaka 2016 uamuzi kama huo uliikuta Puerto Rico. Kwa kuwa uwezo wake wa kushitaki chanzo chake ni Bunge la Marekani, kisiwa hicho na serikali ya shirikisho haviwezi kumshitaki mtu mmoja mmoja baada ya mwingine kwa kosa lile lile. Makabila ya wenyeji wa asili, kwa upande wake, yalitambuliwa mwaka 1978 kuwa na mamlaka yake yenyewe, yaliyokuwepo kabla ya Marekani kuundwa.

Kipo pia kizuizi cha kisera. Tangu mwaka 1959, baada ya kesi ya Bartkus, Wizara ya Sheria ya Marekani ina mwongozo unaowataka waendesha mashitaka wa shirikisho wasirudie kesi iliyokwishaamuliwa na jimbo, isipokuwa pale ambapo kuna maslahi makubwa ya shirikisho yaliyoachwa bila kutetewa na idhini ya viongozi wa juu imepatikana. Lakini huo ni mwongozo wa ndani. Mshitakiwa hawezi kuudai mahakamani kama haki.

Kinga ya kweli zaidi inatokana na sheria za majimbo yenyewe. Majimbo kadhaa yametunga sheria za kujizuia kumshitaki mtu ambaye amekwishahukumiwa kwingine kwa kitendo kile kile. New York ni mojawapo. Ndiyo maana Desemba 2019 jaji wa jimbo hilo aliyatupa mashitaka dhidi ya Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, kwa kuwa yalifanana mno na yale aliyotiwa hatiani na mahakama ya shirikisho mwaka 2018.

Ni vyema pia kutochanganya suala hili na la makosa mbalimbali yaliyotendwa na mtu mmoja katika majimbo mbalimbali. John Allen Muhammad, aliyewatisha wakazi wa maeneo ya jirani na jiji la Washington mwaka 2002 kwa kuwapiga watu risasi kutoka mafichoni, alihukumiwa Virginia na baadaye Maryland. Hakuna kanuni maalumu iliyohitajika hapo. Waliouawa walikuwa watu tofauti, na kila mauaji ni kosa lake.

TAA YA GARI YALETA KESI MPYA

Wengi walitarajia kanuni hii ingeanguka mwaka 2019. Terance Gamble alisimamishwa na polisi mjini Mobile, Alabama, mwaka 2015 kwa sababu taa ya mbele ya gari lake ilikuwa mbovu. Ndani ya gari ilikutwa bastola, ilhali yeye, kwa kuwa aliwahi kufungwa kwa unyang'anyi, hakuruhusiwa kumiliki silaha. Jimbo lilimpa mwaka mmoja. Shirikisho likamshitaki kwa bastola hiyo hiyo, na hukumu ya pili ikamwongezea karibu miaka mitatu.

Juni 17, 2019 Mahakama ya Juu ilikataa kuibadili kanuni, kwa kura saba dhidi ya mbili. Jaji Samuel Alito alisema kwamba kosa huundwa na sheria na sheria huundwa na mamlaka, kwa hiyo mamlaka mbili ni makosa mawili.

Waliopinga walikuwa majaji wawili ambao ni nadra kukubaliana: hayati Ruth Bader Ginsburg, aliyejulikana kwa mrengo wa kiliberali, na Neil Gorsuch wa mrengo wa kihafidhina. Ginsburg alisema majimbo na shirikisho ni sehemu za taifa moja, na mwenye mamlaka ya mwisho katika taifa hilo ni wananchi. Gorsuch alisema nchi huru hairuhusu serikali zake kumjaribu mtu mahakamani hadi zipate matokeo zinayoyataka.

Baada ya hukumu hiyo, njia ya kuibadili kanuni kupitia mahakamani imezidi kuwa nyembamba. Mwaka 2022, katika kesi iliyohusu mahakama ya makosa madogo ya wenyeji wa asili, Mahakama ya Juu iliitumia tena.

ULAYA NA ARUSHA

Katika sheria ya kimataifa, nchi moja kwa kawaida haizuiwi na hukumu ya nchi nyingine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unakataza mtu kushitakiwa mara mbili, lakini Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa imeufasiri kuwa unahusu hukumu za nchi moja.

Milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani mijini Dar es Salaam na Nairobi ni mfano unaofahamika. Tendo hilo lilivunja sheria za Tanzania, za Kenya na za Marekani, na Marekani iliwahukumu watu wanne kifungo cha maisha mjini New York mwaka 2001, akiwamo Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed.

Lakini zipo nchi zilizoamua vingine. Mkataba wa kutekeleza makubaliano ya Schengen wa mwaka 1990 unaeleza kwamba aliyehukumiwa kwa kauli ya mwisho katika nchi mwanachama asishitakiwe katika nchi nyingine mwanachama kwa matendo yale yale. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikwenda mbali zaidi: hata makubaliano kati ya mtuhumiwa na mwendesha mashitaka yanayoimaliza kesi katika nchi moja yanaifunga nchi nyingine.

Hivyo Ujerumani na Ubelgiji, nchi mbili zenye bendera na majeshi yake, zinaheshimu hukumu ya kila moja kuliko Katiba inavyozilazimisha Alabama na Georgia, majimbo mawili ya nchi moja.

Arusha nako suala hili lilikuwa na sheria yake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilikuwa na kifungu kilichozuia mahakama ya nchi yoyote kumshitaki mtu kwa matendo iliyokwishayaamua. Yenyewe iliweza kumshitaki aliyehukumiwa na nchi endapo nchi hiyo ilikichukulia kitendo kama kosa la kawaida, au endapo kesi haikuwa ya haki bali ilifanywa kumkinga mshitakiwa. Kwa utaratibu huo, mlango wa kesi ya pili uliachwa wazi pale tu ilipoonekana kwamba ya kwanza ilikuwa ya mzaha. Hicho ndicho kipimo ambacho Marekani haikukiweka.

MAMBO YALIVYO KWETU

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaeleza kwamba aliyeshitakiwa katika mahakama yenye mamlaka, akatiwa hatiani au kuachiwa huru, hawezi kushitakiwa tena kwa kosa hilo na kwa maelezo yale yale ya tukio, maadamu hukumu hiyo haijatenguliwa. Kenya imeiweka kinga kama hiyo katika Katiba yake ya mwaka 2010, ibara ya 50.

Hata hivyo wananchi wengi hushangaa kumwona mshitakiwa akitoka kizimbani na kukamatwa tena mlangoni mwa mahakama. Jibu lipo katika tofauti ya maneno mawili. Kuachiwa huru ni uamuzi kwamba mtu hana hatia, na hapo kinga hufanya kazi. Kuachiwa, bila neno huru, ni kuondolewa kwa mashitaka kabla ya hukumu, kwa mfano pale Mkurugenzi wa Mashitaka anapoieleza mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na kesi. Aliyeachiwa kwa namna hiyo anaweza kushitakiwa upya, hata kwa kosa lile lile.

Tofauti nyingine ni rufaa. Marekani, baraza likishamwachia mtu huru, serikali haina pa kukata rufaa. Kwetu Jamhuri inaweza kuipinga hukumu ya kumwachia mtu huru katika mahakama ya juu yake, na hilo halihesabiwi kuwa kesi ya pili bali mwendelezo wa ile ya kwanza. Aidha mahakama ya rufaa ikifuta hukumu kwa sababu ya kasoro, inaweza kuagiza kesi isikilizwe upya.

Kwa anayetoka mahakamani, au ndugu anayemsubiri nje, jambo la kwanza la kumuuliza wakili ni hilo: ameachiwa, au ameachiwa huru? Na kwa anayefikia makubaliano ya kukiri kosa, swali ni kama makubaliano hayo yanamfunga kila mwenye uwezo wa kumshitaki kwa tukio hilo. Heath alifanya makubaliano na Georgia peke yake. Alabama haikuwa mezani, na miaka 10 baadaye ndiyo iliyomuua.